Ufa Chini ya Ngozi ya Nyoka



Juzi mwenzetu mmoja alirusha tena ile picha ya upinde wenye ngozi ya nyoka, na maswali yakaanza upya. Mliibandika namna gani? Ile ngozi ni ya kweli? Mnauza? Tumeona tuwajibu wote mara moja. Tutaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, maana wengi mmeomba. Lakini tutaeleza na jambo ambalo picha haionyeshi. Upinde ule wa kwenye picha haupo tena. Ulivunjika siku nne baada ya kupigwa picha, mikononi mwa mtoto, na sisi tulikuwa tunajua kwamba una ufa.

Sisi ni vijana tisa. Wengine wetu tunajitolea kambini Kiziba, kule juu mlimani wilayani Karongi, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita. Wengine tunaishi hapa Kigali, Kimisagara na Nyamirambo. Jumamosi tunakutana Kimisagara kwa mazoezi ya ngoma, na wale wa Kiziba wanapanda basi alfajiri. Mwaka jana tuliombwa kucheza tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Siku hii inaadhimishwa tangu 2001, na mnajua inavyokuwa: mahema, hotuba, fulana za shirika, kila kikundi dakika kumi halafu shukeni. Safari hii tulitaka kuleta kitu ambacho watu watakikumbuka. Tukasema tucheze na pinde.

Upinde hapa si kitu kigeni. Kwa Kinyarwanda unaitwa umuheto. Zamani vijana waliolelewa kama intore kwenye ikulu ya mwami hawakufundishwa kucheza peke yake, walifundishwa mkuki, ngao na upinde. Kumasha, yaani kulenga shabaha kwa mishale, ulikuwa mchezo wa vijana kupimana. Kwetu Congo, Wambuti wa msitu wa Ituri wanawinda kwa upinde na nyavu. Tanzania kuna Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Kwa hiyo kikundi chenye watoto wa Masisi, Rutshuru, Uvira na Bujumbura kikishika upinde, kila mmoja anaona cha kwao. Hilo ndilo tulilipenda.

Fundi wetu ni mzee mmoja ambaye wote tunamwita Papa. Alikaa Kiziba miaka mingi, sasa yuko Kigali kwa binti yake. Alijifunza kuchonga pinde kwa baba yake, kabla ya vita. Siku tulipoenda kumwomba, alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akaingia ndani akatoka na kopo la zamani la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na kitu kimekunjwa kama bandeji. Alipokifungua tukaona ni mkanda wa ngozi ya chatu, mrefu kuliko mtu mzima aliyelala, mkavu kama karatasi. Chatu huyo aliuawa na baba yake baada ya kumeza mbuzi. Walipokimbia, ngozi ilikuwa kwenye mfuko mmoja na vitu vingine vya baba. Vile vingine vyote viliuzwa njiani kimoja kimoja. Ngozi ya nyoka hakuna aliyeitaka, ndiyo maana ikabaki.

Papa alisema ataitumia kwenye upinde mmoja tu, wa yule mtoto anayecheza mbele. Ni kijana wa miaka 13, mwepesi kuliko sisi sote.

Sasa kuhusu kazi. Upinde una mgongo na tumbo. Mgongo ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaokutazama wewe unayevuta. Ukivuta, tumbo linabanwa na mgongo unavutwa kama kamba. Pinde nyingi zinaanza kuvunjika mgongoni: uzi mmoja wa mti unainuka, wa pili unaufuata, kwisha. Ndiyo maana sehemu nyingi za dunia watu wamekuwa wakibandika kitu mgongoni. Baadhi ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini walibandika kano za wanyama, na juu ya kano wakati mwingine wakaweka ngozi ya nyoka ili unyevu usiingie. Kano zinaongeza nguvu kweli. Ngozi ya nyoka ni nyembamba sana, haiongezi nguvu ya maana. Inalinda mgongo na maji na mikwaruzo, inashikilia vijinyuzi vidogo visiinuke, na inapendeza. Papa alituambia siku ile ile ya kwanza: "Batoto, hii ngozi ni nguo. Nguo haiwezi ponyesha mugonjwa."

Tulisikia. Tuliitikia. Hatukuielewa.

Pinde tano zilitoka kwenye fito ambazo Papa mwenyewe alizipasua na kuzikausha kivulini kwa miezi mingi. Ukipasua mti kwa panga, unafuata nyuzi zake, na nyuzi zinabaki nzima kutoka ncha mpaka ncha. Upinde wa sita haukuwa na fito. Tukashuka Gakinjiro, kule Gisozi kwenye mbao, tukanunua kipande cha libuyu, ile mbao nyekundu ya Congo ambayo mafundi wa samani wanaipenda. Papa alikigeuzageuza, akatazama ubavuni, akakunja uso. Mbao ya msumeno haifuati nyuzi. Msumeno unapita moja kwa moja na nyuzi zinakatwa katikati, zinatokea juu kwa mshazari. Alisema mbao hii ni ya kabati. Lakini zilibaki wiki tano, na fito mbichi haikauki kwa wiki tano. Akakubali, kwa sharti kwamba tuuchonge polepole na kwamba atauangalia mwenyewe kabla ngozi haijapanda.

Uangalizi wake una vitu viwili. Kwanza ni sikio. Upinde ukishapata umbo, unaning'inizwa ukutani kwenye kigingi na kuvutwa kidogo kidogo, leo kiganja kimoja, kesho viwili, huku ukitazama kama mikono yake miwili inakunjika sawasawa. Pale penye ugumu unapunguza kwa tupa, kisha unavuta tena. Papa anaita kuufundisha upinde. Wakati unaufundisha unasikiliza. "Muti unasemaka," anasema. "Ukisema, muache kuvuta." Cha pili ni pamba. Unachukua pamba ya hospitali, unaipitisha juu ya mgongo taratibu bila kuikandamiza. Mahali ambapo uzi umeinuka, hata kama jicho halioni, pamba inashika na kuacha unywele wake mweupe.

Alhamisi tarehe 5 Juni Papa alikwenda Kiziba kwenye msiba. Alituachia pamba na maneno mawili: mnisubiri. Jumamosi tarehe 7 hatukusubiri. Tulitaka akirudi akute upinde umekwisha kufundishwa, akose la kufanya isipokuwa kubandika ngozi. Tulikuwa watatu pale kigingini. Tukauvuta, ukakunjika vizuri. Tukauvuta zaidi. Ukasema *tik*.

Sauti ndogo, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti chumba cha pili. Tulitazamana. Tukaupitisha pamba. Mkono wa juu, shibiri moja kutoka kwenye mshiko, pamba ikashika. Tulipoinamisha upinde kwenye mwanga tukaona mstari mwembamba wa mshazari, mfupi kuliko kidole.

Hapa ndipo mngetarajia tuseme tulijadiliana sana. Hapana. Ilichukua kama dakika kumi. Mmoja alisema ni kidogo. Mwingine akasema ngozi si itakuja juu yake? Wa tatu akasema zimebaki siku kumi na tatu na majina yetu yameshaandikwa kwenye ratiba. Tukachukua gundi nyeupe ya mbao, tukaisukuma ndani ya ufa kwa kijiti cha meno, tukafunga kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli mpaka jioni. Usiku tukafungua tukapiga msasa mpaka pakawa laini. Kesho yake tukawaambia wale sita wengine. Hakuna aliyekataa. Kwa hiyo tukisema "sisi" humu, tunamaanisha sisi tisa.

Jumapili jioni Papa akarudi. Alikuwa amechoka na msiba, macho mekundu. Akaketi, akaushika upinde, akaupitisha pamba. Haikushika popote, maana tulikuwa tumeshapiga msasa. Akatutazama.

"Ulisema kitu?"

"Hapana, Papa."

Basi akaamini. Akamwambia binti yake aweke maji motoni.

Ngozi inabandikwa hivi, na haya ni mafundisho yake, tunayatoa kama alivyotupa. Unaanza na mbao. Unaikwangua mgongoni, unaipiga msasa, unaifuta kwa kitambaa chenye spiriti ili mafuta ya vidole yatoke, na baada ya hapo hugusi tena kwa mkono. Ngozi kavu unailoweka kwenye maji ya vuguvugu. Maji ya moto yanaiharibu, inajikunja kama jani. Baada ya kama nusu saa inalainika kama kitambaa kilicholowa. Unailaza kwenye ubao, upande wa ndani juu, unakwangua utando wote uliobaki kwa kisu butu.

Mkanda unaukata vipande viwili, kimoja cha kila mkono wa upinde, vipana kidogo kuliko mbao ili pembeni pabaki pa kupunguza. Vinakutana kwenye mshiko, ambapo baadaye kamba ya ngozi ya ng'ombe itafunika maungio. Unapaka gundi nyembamba kwenye mbao na nyembamba kwenye ngozi. Unaanza kuilaza kutoka mshikoni kwenda nchani, huku mtu mwingine ameshika mwisho wake usining'inie. Mstari wa mgongo wa nyoka uende katikati ya mgongo wa upinde. Ukipinda hapo, jicho la mtu litauona kila siku. Kisha kwa dole gumba unasukuma hewa na gundi iliyozidi, kutoka katikati kwenda pembeni, kila mahali, bila haraka. Povu moja la hewa likibaki, pale ngozi itainuka.

Tulifanya kazi hiyo mikono sita kwa pamoja, Papa akiongoza. Alipofika kwenye mkono wa juu, dole gumba lake lilipita juu ya ufa wetu mara tatu, nne. Sisi tulishika taa ya simu. Tuliona lilipopita. Hakuna aliyesema.

Ukimaliza unafunga upinde wote kwa bandeji ya pamba. Si nailoni, maana nailoni inazuia maji yasitoke na ngozi inaoza. Unauweka kivulini. Mvua za Mei zilikuwa zimekwisha, na jua la Juni hapa Kigali linadanganya: ukianika nje, ngozi inakauka upande mmoja haraka, inajivuta, inabanduka pembeni. Papa alitaka siku tatu kamili. Siku ya nne tukafungua bandeji. Pembeni tukapunguza kwa tupa, tukisukuma upande mmoja tu, kutoka mgongoni kwenda tumboni, maana ukirudisha tupa unainua ngozi.

Halafu kuna magamba, na hapa wengi wanakosea. Magamba ya juu ya nyoka ni kitu kama kucha. Ukiyaacha, baada ya muda yanaanza kusimama na kudondoka moja moja na upinde unaonekana kama una ukurutu. Lazima uyatoe. Unabandika selotepu, unaibandua kwa kwenda upande wa magamba yanakoelekea, yanatoka yakiwa yameshikana. Watu wanaogopa kwamba rangi itaondoka. Haiondoki, kwa sababu rangi ya nyoka iko kwenye ngozi yenyewe, chini ya gamba. Yale madoa ya kahawia na ya njano yalitokea yaking'aa kuliko mwanzo. Mwisho unapaka vanishi nyembamba, mara tatu, kila mara ukisubiri ikauke. Vanishi nene inapasuka upinde ukikunjika.

Jumamosi tarehe 14 Juni ulikuwa tayari. Hatusemi uongo, ulikuwa mzuri kupita kitu chochote tulichowahi kutengeneza. Watoto wa jirani walipanga foleni kuugusa. Alikuja dada mmoja anayefanya kazi na shirika, kuangalia mazoezi, akauona, akamwomba yule mtoto asimame kwenye ukuta mweupe na auvute kidogo. Akauvuta kidogo. Picha ikapigwa. Upinde haukusema kitu. Tulishusha pumzi, na kila mmoja akamwambia mwenzake: si unaona? Umeshika.

Picha ile ilizunguka sana, mnaijua. Ilipendwa na watu ambao hatujawahi kuwaona. Na kadiri ilivyopendwa, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema. Hilo nalo tunataka mlijue, hasa ninyi mnaokuja na kamera. Hatuwalaumu. Lakini kitu kikishapigwa picha, mwenye nacho anaanza kukilinda kwa ajili ya picha.

Jumatano tarehe 18, mazoezi ya mwisho. Kuna sehemu ya ngoma ambapo mtoto wa mbele anapiga goti, anavuta upinde bila mshale mpaka kidevuni, anatazama juu, kisha anaurudisha taratibu. Alikuwa ameshaifanya mara nyingi kwa upinde mwingine. Mara hii akiwa na ule wa nyoka aliuvuta mpaka kidevuni, na haukusema *tik*. Ulilia kama kuni kavu. Mkono wa juu ulikatika, ngozi ikachanika nusu, nusu ikashikilia, na kwa kuwa ilishikilia kile kipande kikubwa hakikuruka usoni. Lakini kibanzi kilichomoka ubavuni kikamkata chini ya jicho la kushoto. Upana wa kidole kimoja. Kidole kimoja juu zaidi na leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Alishonwa nyuzi tatu kituo cha afya. Hakulia pale. Alilia nyumbani, mama yake alipomwuliza.

Papa alikuja jioni. Hakuugusa upinde mpaka alipohakikishiwa kwamba jicho ni zima. Ndipo akaketi kwenye kiti kidogo, akavichukua vipande viwili, akavipeleka karibu na taa. Alitazama pale palipokatika kwa muda mrefu sana. Mbao ya libuyu ni nyekundu. Katikati ya wekundu ule kulikuwa na mstari mweupe, mkavu, safi. Gundi yetu.

"Nani aliona hii?"

"Ni siye, Papa."

"Siye ni nani? Siye haina mikono. Nani njo alishika gundi?"

Hapo mmoja akasema ni mimi. Wa pili akasema mimi nilishika mpira. Wa tatu akasema ni mimi niliyepiga msasa. Na wale sita wakaanza mmoja mmoja kusema: mimi niliambiwa nikanyamaza. Ilikuwa aibu ambayo hatuwezi kuieleza vizuri. Papa alisikiliza wote tisa. Hakupaza sauti. Alisema jambo moja tu kabla ya kuondoka: kwamba alipouliza kama upinde ulisema kitu, alikuwa ametoka kuzika mtu, na alituamini kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutotuamini.

Kesho yake tulikwenda kwa mama wa mtoto, wote tisa, tukapanga mstari nje kama watu wanaosubiri chakula. Tulimwambia kila kitu. Tulikuwa tumechanga pesa ya dawa, alizichukua, akazihesabu, akaziweka mezani. Akauliza: "Angekuwa mdogo wenu wa tumbo moja, mungemupa ule upinde?" Hatukujibu, na yeye hakuwa anasubiri jibu.

Tarehe 20 tulicheza na pinde tano. Mtoto alikaa kwenye ngoma akapiga, plasta usoni. Watu wengine waliuliza ule wa nyoka uko wapi. Tulisema umevunjika. Wakasema pole. Hatukusema zaidi, na hilo pia ni deni ambalo leo tunalilipa.

Wengi mnauliza kama tunauza, na kama mnaweza kupata ngozi kama ile. Hapana na hapana. Ngozi ya Papa ilikuwa ya zamani na ilikuwa moja. Chatu wa Afrika yumo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ule wa 1973, maana yake ngozi yake haivuki mpaka kwa biashara bila kibali. Rwanda nayo ina sheria ya bioanuwai ya 2021 inayolinda wanyama wa porini. Kwa hiyo tafadhali msiende kutafuta nyoka wa kuua kwa sababu ya picha yetu. Nyoka anayekaa karibu na mashamba anakula panya wanaokula mahindi yenu. Ukitaka kulinda mgongo wa upinde, kitambaa cha pamba au cha katani kilichobandikwa kwa gundi kinafanya kazi, na ngozi mbichi nyembamba ya mbuzi inafanya kazi vizuri zaidi kuliko ya nyoka. Pinde zetu mbili mpya zina ya mbuzi.

Na ile ngozi ya chatu? Papa hakuitupa. Mwezi wa saba alituita. Tulifikiri anataka kutuambia kikundi kimevunjika. Kumbe alikuwa na maji ya moto na taulo. Gundi nyeupe ya kawaida ikipata joto na maji inalegea, kwa hiyo alilaza taulo la moto juu ya vipande, akangoja, akaanza kuibandua ngozi kwa kisu butu, kidogo kidogo, siku nzima. Kipande cha mkono wa chini kilitoka kizima. Cha mkono wa juu kilitoka na mchaniko wake. Fito mpya ilikuwa inakauka chini ya kitanda cha binti yake tangu Juni, tangu ile wiki yenyewe. Alikuwa ameikata siku mbili baada ya upinde kuvunjika, na hakutuambia.

Tulingoja mpaka mwishoni mwa mwaka. Kila Jumamosi tulimwuliza, na kila Jumamosi alisema bado ina maji. Ilipokuwa tayari tuliichonga, tukaifundisha wiki tatu, na kila mara mmoja alivuta na mwingine alisikiliza, na tuliandika kwenye daftari nani alisikiliza siku gani. Kwa jina.

Siku ya kubandika ngozi tulimwita yule mtoto na mama yake. Mama alikuja, akakaa mlangoni. Mtoto aliutazama ule upinde usio na kitu juu yake, akauliza: "Na huu uko na kitu ndani?"

Tulimpa pamba. Aliupitisha mwenyewe, ncha mpaka ncha, mara mbili, halafu akageuka akamtazama mama yake. Mama akasema rudia. Akarudia. Ndipo Papa akaweka maji motoni.

Mchaniko unaonekana bado, mkono wa juu, kama kovu. Tungeweza kuuficha kwa kamba lakini tuliuacha. Hatujaupiga picha. Anayetaka kuuona aje Kimisagara Jumamosi yoyote, na tutampa pamba kwanza.